Uzoefu wangu wa kuaplai SSP, msiiache kwa sababu ya ada

Nilikuwa darasa la kumi na moja hapa Houston nilipoaplai Summer Science Program, programu ya sayansi ya kiangazi kwa wanafunzi wa hai skuli, watu wanaiita SSP tu, upande wa anga, nikachaguliwa, na kama una mtoto au mdogo wako wa hai skuli anayependa hesabu na fizikia kwa kweli mwambie ajaribu. Hii kitu ipo tangu 1959, haijazuka juzi. Mnakaa chuoni zaidi ya wiki 5 wanafunzi 36, sisi tulikuwa Boulder kule Colorado, mnagawanywa watatu watatu, kila timu inapewa asteroidi yake, yaani jiwe linalozunguka jua, inayopita jirani na dunia. Mchana darasani, usiku darubini, halafu mnaandika wenyewe programu kwa Python, lugha ya kompyuta, ya kutafuta njia yake kwa hesabu za mwanahisabati Gauss, zilezile zilizofanya Ceres, asteroidi ya kwanza kugunduliwa, ionekane tena mwaka 1801 baada ya kupotea. Vipimo vyenu vinatumwa Minor Planet Center, kituo kinachokusanya vipimo vya asteroidi vya dunia nzima, na vinaingia kwenye kazi ya kweli, si zoezi la kupewa maksi likatupwa.

Sasa ada. Ni maelfu ya dola, na hapo ndipo familia zetu nyingi zinapoishia. Mama aliona ile namba akasema mwanangu hii si yetu. Lakini wanaangalia kipato cha nyumbani, unajaza fomu na makaratasi ya kodi ya wazazi, kinachobaki kulipa kinalingana na hali yenu, sisi tulilipa kidogo sana. Hela za kusaidia wanazo, Franklin Antonio aliyeshiriki kuanzisha Qualcomm, kampuni ya chipu za simu, alipita SSP akiwa kijana, na alipofariki 2022 aliwaachia dola milioni 200. Kwa hiyo usikatae kabla hujauliza. Cha kukataa ni zile barua za programu nyingine zinazokuja nyumbani eti umeteuliwa wakati hata hukuomba, nasi ilitufikia moja, fomu yao haiulizi chochote cha maana ila namba ya kadi.

Kazi kubwa ni insha. Hapa nataka niongee na waliosoma Tanzania kwanza kama mimi, maana sisi tumezoea matokeo yaongee yenyewe, una A basi, kukaa unajieleza kwa watu wazima inaonekana kama kujisifu. Hawa maksi wanaziona tayari kwenye ripoti ya shule. Wanataka kujua ukiwa peke yako unafikiria nini. Mimi niliandika kuhusu mwezi mwandamo, kwamba Moshi ulikuwa unalala kama mtumbwi, nimefika Houston, Septemba naona umeinama ubavu, nikaanza kuuchora kila ukiandama na kutafuta sababu mpaka nikaelewa ni latitudo, yaani umbali wa mahali kutoka ikweta, na jinsi njia ya jua na mwezi angani inavyokatana na upeo wa macho. Hakuna maabara, hakuna medali, daftari na penseli tu. Naamini ile ndiyo iliyonibeba, kwa sababu kwenye mashindano ya roboti kuna watu walikuwa na vitu vizito kuliko vyangu mbali kabisa.

Barua za walimu nazo usizichukulie poa. Mwombe mwalimu anayekujua kwa maswali yako, hata kama si yule aliyekupa maksi za juu, na mwombe mapema kabla hawajafunga Krismasi maana baada ya hapo kila mtu anawalilia. Mpe na karatasi fupi ya vitu ulivyofanya, si utovu wa adabu, wanapenda.

Python usiogope, wanafundisha hukohuko. Hesabu ndiyo uwe nayo vizuri.

Aplai na RSI pia, Research Science Institute, programu ya utafiti ya wiki 6 pale chuo cha MIT, haina ada ya masomo wala malazi, ila ushindani wake ni mkali na insha zake zinataka muda wake peke yake, usinakili za SSP. Na mlioko Dar, Nairobi, popote, SSP inapokea wanafunzi kutoka nje ya Marekani, kwa hiyo pasipoti ya mtoto iwe tayari kabla ya majibu kutoka, sababu kutoka majibu mpaka safari muda wa kufukuzia viza ni mdogo.