Kabla ya Sola: Nunua Nini Kwanza Kupunguza Gharama ya Kupasha Nyumba Joto

Muuzaji wa sola huanza hesabu zake na bili yako ya umeme: bili ikiwa nene, paneli nazo zinaongezeka. Joto unalolilipia linatorokea wapi, hilo si swali lake. Tena majira ya baridi, hita zikiwa kazini usiku na mchana, ndipo siku huwa fupi na jua hupita chini, paneli zikatoa umeme haba. Ndiyo maana katika orodha hii ya vitu vya kununua, sola inashika mkia.

Namba moja, wala sina wasiwasi nayo, ni vifaa vya kuziba mianya: mipira ya kubandika kwenye fremu za milango na madirisha, silikoni ya nyufa nyembamba, na povu la kuziba matundu ya mabomba na nyaya. Watu hukimbilia mlango unaopitisha upepo, kumbe hewa ya moto hupanda, hupenya darini, kisha huvuta baridi iingie kwa chini. Anza juu. Siku ya upepo washa kijiti cha ubani, kipitishe taratibu kando ya fremu. Moshi ukiyumba, umepata tundu. Lakini kama una jiko la kuni au hita ya gesi, usizibe matundu yake ya hewa, na ununue king'ora cha kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu inayotokana na moto unaokosa hewa.

Namba mbili ni pamba ya kioo ya kutandaza juu ya dari. Ifuate kuziba, isiitangulie, kwa sababu pamba haizuii hewa kupita. Sentimita 10 za mwanzo ndizo zinazofanya kazi kubwa. Ukifikisha 20, joto linalopenya kwenye pamba hiyo hupungua kwa karibu nusu tu ya lile lililobaki. Usiishindilie: kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa ndani yake.

Themostati ya kujipangia saa, yaani kidhibiti kinachopunguza na kuongeza joto la hita kwa saa ulizopanga, ni ya tatu. Inafaa nyumba inayobaki tupu mchana.

Ya nne, pampu ya joto, mashine ya umeme inayohamishia ndani joto la nje. Hita ya kawaida ikila yuniti 1 ya umeme hukupa yuniti 1 ya joto. Pampu hukupa 2 hadi 4, kwa kuwa huvuta joto lililopo nje. Mbona isiwe ya kwanza? Kwa sababu nyumba iliyozibwa inatosheka na pampu ndogo, na pampu kubwa kupita kiasi huwaka na kuzima kila mara. Uwezo unaotangazwa mara nyingi hupimwa nje kukiwa na nyuzijoto 7, kwa hiyo uliza ule wa siku ya baridi kali.

Madirisha ya vioo viwili ni ghali na hurudisha pesa polepole. Kama fremu hazijaoza, pazia zito linatosha kwa sasa.

Baada ya hapo pitisha msimu mzima wa baridi, kisha mpe muuzaji wa sola bili mpya. Zile za zamani usimwonyeshe.