Nimelala Bomani, Mikindani

Bibi yangu hataji Boma bila kushusha sauti. Kwake ile nyumba nyeupe ya kilimani ni mahali ambapo baba yake aliitwa, na ukiitwa hujui utatoka lini. Basi mume wangu aliposema tukalale huko usiku mmoja, kwa kuwa sasa ni hoteli, nilisita. Kutoka Mtwara mjini ni kama kilomita 10 tu, na miaka yote nimekuwa nikilipita kwa chini nikiwa kwenye daladala.

Wajerumani walilijenga mwaka 1895. Mwaka 1888 watu wa pwani walikuwa wameifukuza kampuni yao ya Kijerumani iliyotawala pwani, hapa Mikindani na kule Lindi. 1890 Wissmann, kamanda wa Wajerumani, akaja na askari wake akaiteka pwani yote ya kusini. Kaa barazani utaelewa kwa nini walichagua kilima hiki. Ghuba nzima iko chini yako, hakuna dau linaloingia usilione. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza wakalirithi wakaligeuza ofisi zao, hadi Mtwara ilipokua na bandari ya ule mradi wa Waingereza wa kulima karanga na Mikindani ikabaki nyuma. Jengo likachakaa. Miaka ya 1990 shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, likalikarabati likawa hoteli ya kufundishia vijana wa hapa kazi.

Chumba chetu kilikuwa juu. Kitu kilichonishika ni dirisha. Ukuta ni mnene kiasi kwamba niliuingiza mkono wote hadi begani ndipo vidole vikafika nje. Mawe ya matumbawe na chokaa hayo. Mchana jua kali, ndani ubaridi kama wa mtungi. Nilikaa hapo muda mrefu nikifikiria ni migongo ya akina nani iliyopandisha mawe hayo kilimani. Hilo, kwa maoni yangu, ndilo lingestahili kusimuliwa kwanza kwa kila mgeni, kabla hata ya Livingstone, yule msafiri na mmisionari wa Kiskoti aliyepita Mikindani 1866.

Chakula kizuri, hasa samaki. Wahudumu ni vijana wa kwetu, shikamoo zao za kweli, na ukiwauliza habari za nyumba wanakaa wanakueleza. Alfajiri adhana ilipanda kutoka mjini pamoja na upepo wa bahari, nikaisikia kama niko msikitini.

Wenzangu wa Mtwara, pandeni. Chumba kikiwa kizito mfukoni, nendeni hata kwa chai ya jioni, mtembee uani, muwaoneshe watoto mlango ule wa nakshi.

Asubuhi nilimpigia bibi simu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mjukuu wangu, na ufunguo wa chumba alishika nani?"

Nikamwambia, mimi, bibi. Huu hapa mkononi.