Miezi sita na huduma ya kukumbushwa miguu: darasa zuri, ujumbe usiojibika

Muuguzi aliniambia nifumbe macho na niseme "hapo" kila nitakapohisi kuguswa, kisha akachukua kijiti chenye uzi wa nailoni unaopinda ukikandamizwa kwa nguvu ya gramu 10, akaanza kunigusa nyayo. Nilijibu mara tatu, nikanyamaza nikimsubiri ahamie mguu wa kushoto. Aliponiambia kwamba amekwisha kumaliza miguu yote miwili, nilielewa kwamba ile ganzi niliyokuwa nikiisingizia viatu vya kubana ilikuwa sukari iliyokaa juu kwa miaka mingi, ikaharibu mishipa ya fahamu.

Hivyo ndivyo nilivyoandikishwa katika huduma ninayoieleza hapa, ambayo kliniki moja ya kisukari jijini Dar es Salaam huwapa bila malipo wagonjwa wake wa aina ya pili: darasa la asubuhi moja, na baada ya hapo ujumbe mfupi wa simu mara tatu kwa wiki.

Darasa nalisifu bila kusita, kwa sababu aliyelifundisha anajua tunavyoishi. Hakuishia kutuambia tukaushe miguu. Alieleza kwamba anayetawadha mara tano kwa siku na kuvaa viatu huku katikati ya vidole pamelowa anajialikia fangasi, na kwamba mafuta ya kulainisha ngozi hupakwa juu na chini ya mguu, si katikati ya vidole. Maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko, kwa kuwa mguu wenye ganzi hautakuambia kwamba unaungua. Sugu isichongwe kwa wembe. Kucha zikatwe kwa kunyooka bila kuchimba pembeni, na anayenunua viatu, hata vya mtumba, avijaribu jioni, wakati miguu imevimba kidogo. Alitaja pia panya, maana asiyehisi miguu anaweza kung'atwa usingizini asijue hadi aone damu kwenye shuka, na madaktari wa hapa Dar es Salaam wamekwisha kuandika kuhusu wagonjwa waliopatwa na hayo. Mzee mmoja aliuliza kama chandarua kinasaidia. Akajibiwa kwamba kinasaidia kikichomekwa vizuri chini ya godoro.

Ujumbe wa simu hauna jipya kwa aliyehudhuria darasa, na sidhani kwamba hilo ni kasoro, kwa kuwa kazi yake ni kumfanya mtu ainame. Mwezi wa pili, baada ya kusoma "Kung'uta viatu kabla ya kuvaa", nilikung'uta kiatu cha kushoto ikadondoka kofia ya kalamu ya mjukuu wangu. Kiatu hicho nilikuwa nimekivaa kutwa nzima ya jana yake.

Kasoro ya kwanza ni saa. Ujumbe huingia saa nne asubuhi, wakati niko dukani na wateja, miguu imo ndani ya soksi, na unapangana na matangazo ya kubeti na ya vifurushi hadi jioni unakuwa umezama chini. Ungeingia saa mbili usiku, baada ya kuoga, ungenikuta na taulo mkononi. Kufuata ratiba ya mgonjwa si jambo geni: Senegal, mwaka 2014, huduma yao ya ujumbe wa kisukari ilianza na mwezi wa Ramadhani, wakati ambao wagonjwa wenyewe wana maswali mengi kuhusu kufunga.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Ijumaa moja jioni niliona lengelenge kwenye kisigino, nami nikafanya lile ambalo mtu yeyote angelifanya, yaani kuujibu ujumbe uliokuwa umeniuliza asubuhi ile "Je, leo umekagua miguu yako?" Jibu langu halikwenda, kwa sababu namba ile hutuma tu, haipokei. Simu ya kliniki haikupokelewa hadi Jumatatu. Lengelenge lilikuwa dogo na nilifungwa bandeji safi katika zahanati ya jirani, lakini mguu wenye ganzi na damu isiyozunguka vizuri hauna siku tatu za kusubiri, na anayeniuliza kama nimekagua inampasa pia kunieleza niende wapi nikikuta kitu. Namba moja ya muuguzi wa zamu mwishoni mwa kila ujumbe ingetosha.

Asiyesoma, au ambaye macho yamepungua nguvu kwa sukari hiyohiyo, hana lake katika huduma hii mpaka waanze kutuma sauti. Dada yangu ni mmoja wao, kwa hiyo ujumbe wake unaingia kwenye simu ya binti yake, ambaye ndiye humwinulia miguu na kumwangalia nyayo. Kwa wengine wote ninashauri mjiandikishe, hasa kwa ajili ya darasa, na ile saa ya jioni mjitegee wenyewe kwa kengele ya simu, kama ninavyofanya mimi tangu mwezi wa tatu.