Miaka mitano kwenye shule ya kimataifa Arusha: maoni ya mama mwenye watoto wa mitaala miwili

Nina watoto wawili. Wa kwanza, binti, alisoma shule ya msingi ya serikali hapa hapa Arusha, darasani wakiwa tisini na kitu, akaenda sekondari ya bweni, akafanya mtihani wa Baraza la Mitihani la Taifa (NECTA) kidato cha nne na cha sita, na sasa yuko chuo kikuu Dodoma. Mdogo wake, mvulana, tulimhamishia shule ya kimataifa akiwa na miaka 11, na Juni hii amemaliza miaka mitano ya programu ya kati. Kwa mishahara yetu tusingeiweza karo hiyo. Mwajiri wa baba yao analipa sehemu kubwa, nami nalisema hili mapema kwa sababu wazazi wengi huniuliza pembeni, "Mwenzetu, mnawezaje?" Hivyo ndivyo tunavyoweza. Karo ya mdogo ya mwaka mmoja ingemsomesha dada yake sekondari nzima, bweni, sare na nauli, na chenji ikabaki.

Jina la shule silitaji, maana nina ya kusifu na nina ya kulalamikia, na ninachotaka kueleza hasa ni namna wanavyofundisha. Utaikuta katika shule nyingi zinazofuata IB (International Baccalaureate), mtaala wa kimataifa ambao taasisi yake ilianzishwa Geneva mwaka 1968.

Nianze na ripoti, kwa kuwa ndiyo iliyonishtua kwanza. Nilizoea ripoti yenye nafasi: wa 4 kati ya 62, wastani, na chini yake maoni ya mwalimu wa darasa, "aongeze bidii." Ripoti ya kwanza ya huyu mdogo haikuwa na nafasi hata moja. Kila somo lilikuwa na vigezo vinne, A mpaka D, na kila kigezo alama kuanzia 0 hadi 8. Kwenye sayansi, cha kwanza ni kulijua somo lenyewe. Cha pili ni kuuliza swali na kupanga jaribio la kulijibu. Cha tatu ni kuyachambua matokeo. Cha nne ni kufikiri sayansi hiyo inawafanyia nini watu, kwa heri na kwa shari. Mwanangu alikuwa na 7 kwenye cha kwanza, na 3 kwenye cha pili.

Nikampigia mwalimu simu kuuliza ameshika namba ngapi. Akanijibu kwa upole kwamba hawapangi namba. Nilikasirika. Niliona nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Ilinichukua mihula mitatu kuelewa kwamba ile 7 na ile 3 zilikuwa zinaniambia jambo ambalo "wa 4 kati ya 62" haikuwahi kuniambia katika miaka yote ya dada yake: mtoto wangu anameza vizuri anachofundishwa, ila hajui kuuliza. Na angejulia wapi? Alikotoka, mtoto mwenye maswali mengi aliitwa mtundu.

Kikao cha wazazi nacho ni kitu kingine. Kwa dada yake nilikuwa napanga foleni kwenye korido, nafika mezani, nasikia mashtaka kwa dakika mbili, nashukuru, naondoka. Hapa aliyeongoza kikao alikuwa mtoto. Alikaa katikati yangu na mwalimu wake, akafungua jalada la kazi zake, akasema: hii nilifanya vizuri kwa sababu hii, hii niliharibu kwa sababu nilianza usiku wa mwisho, na muhula ujao nitafanya hivi. Alikuwa na miaka 12. Mwalimu alizungumza labda mara tatu. Nilikuja na maneno yangu ya kugomba, nikarudi nayo nyumbani, kwa sababu yote alikuwa ameshayasema mwenyewe.

Lakini ukitaka kuuona mfumo wenyewe, uangalie mradi binafsi wa mwaka wa tano. Kila mtoto anachagua jambo lake, anapewa msimamizi, anafanya kazi kwa miezi kadhaa huku akiandika kila hatua kwenye daftari, halafu anaandika ripoti. Wangu alichagua maji ya bibi yake.

Mama mkwe anaishi Maji ya Chai. Wa Arusha tunajua habari ya maji ya upande huo wa Mlima Meru: yana madini ya floraidi kwa wingi, na ndiyo sababu wengi wetu tuna meno ya kahawia ambayo watu wa mikoa mingine hututambulia. Ukiyachemsha huyapunguzi. Maji yanakauka, floraidi inabaki, kiwango kinapanda. Njia moja ya kuyasafisha, ambayo imefanyiwa kazi kwa miaka mingi kwenye kituo cha utafiti cha Ngurdoto, ni kuyapitisha kwenye chengachenga za mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Mwanangu aliisoma habari hiyo, akaandika kwenye daftari lake: "Mifupa iliyochomwa huondoa floraidi." Msimamizi wake hakuweka tiki wala mkasi. Aliandika pembeni kwa penseli neno moja: "Umejuaje?"

Neno hilo lilimpeleka mbali. Alienda buchani kuomba mifupa, akaichoma kwenye jiko letu la mkaa uani mpaka ikawa myeupe kama chokaa, akaiponda, akajaza ndoo ya lita 20 yenye bomba. Alipopeleka maji kupimwa, mabadiliko yalikuwa madogo sana. Akafunga safari ya Ngurdoto na daftari lake, akauliza, akaambiwa kwamba mfupa ukiungua hadi ukawa mweupe umeshapoteza kazi. Unatakiwa uchomwe kwa joto linalodhibitiwa na hewa kidogo, utoke mweusi au wa kijivu, lakini usiwe mbichi kiasi cha kutia maji harufu. Akarudia kwa kuifungia mifupa ndani ya debe lenye kifuniko. Mara hii ilikubali. Maji ya bomba la bibi yalikuwa zaidi ya mara mbili ya kile kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na yaliyotoka kwenye ndoo yalikuwa chini yake.

Bibi alikuwa na msimamo wake. "Maji haya nimeyanywa tangu nimeolewa hapa, na mnaniona." Mjukuu akamjibu kwa adabu kwamba ni kweli, lakini watoto wa jirani wanaokuja kuchota kwake ndiyo kwanza wanaota meno. Bibi akanyamaza, kisha akauliza ndoo inakaa wapi.

Miezi miwili baadaye maji yakapimwa tena na floraidi ilikuwa imepanda. Chengachenga zikishajaa hazishiki tena, lazima zibadilishwe, na yeye hakuwa ameliwekea hilo mpango. Siku ya kukabidhi ripoti ilikuwa imekaribia. Nilimwona anakaa mbele ya kompyuta bila kuandika, nikajua anachofikiria: matokeo ya kwanza yalikuwa mazuri, angeweza kuishia pale. Hakuishia. Aliandika yote, pamoja na kosa la kutopanga, akachora mchoro unaoonyesha mstari ukishuka na kupanda tena. Akapata alama za juu kuliko alizotarajia, na maoni ya msimamizi yalihusu zaidi ile sehemu ya kushindwa.

Kwa hilo nawavulia kofia. Dada yake amefaulu mitihani yote iliyowekwa mbele yake, na ninajivunia hilo bila kupunguza, lakini katika miaka yake yote ya shule hakuna aliyewahi kumpa alama kwa kueleza kwa ukweli kwa nini jambo lake halikufanikiwa.

Hata hivyo nina neno. Mradi ulipopata alama, kwa shule ulikuwa umekwisha. Daftari likafungwa, wakaanza mengine. Bibi alibaki na ndoo ya mifupa iliyochoka. Ni mimi niliyemwambia mwanangu kwamba likizo hii haendi popote kabla hajabadilisha zile chengachenga na kumfundisha binti wa jirani namna ya kuzibadilisha. Alifanya. Lakini neno hilo lilipaswa kutoka shuleni, kwa sababu shule hizi zinazungumza sana kuhusu huduma kwa jamii. Mtu akikupokea nyumbani kwake ujifunze kwa maji yake, humwachi nusu njia eti kwa sababu tafakuri imeshaandikwa vizuri.

Kiswahili ndicho kilichoniumiza zaidi. Mwaka wa kwanza walimweka darasa la Kiswahili cha wageni. Mtoto aliyeanza kusema kwa Kiswahili, aliyesoma mpaka darasa la tano kwa Kiswahili, anakaa na watoto waliofika nchini mwezi uliopita, wanataja rangi na siku za wiki. Sababu niliyopewa ni ratiba, na kwamba watoto wa kiwango chake ni wachache. Uwanjani ni Kiingereza, kwenye basi Kiingereza. Jioni moja nilimtuma dukani, mwenye duka akamtajia jumla ya elfu themanini na saba, mtoto akanigeukia na kuuliza kwa Kiingereza ni ngapi. Sikulala vizuri siku ile.

Niliandika barua. Nikajibiwa kwa heshima, pasipo kutendwa kitu. Nikaandika nyingine pamoja na akina mama wenzangu watatu, tukaomba kikao, tukaenda tumejipanga. Baada ya mihula miwili lilifunguliwa darasa la Kiswahili la lugha na fasihi, watoto saba, na mwalimu aliyepatikana ni fundi kweli kweli. Sasa mwanangu anasoma riwaya na mashairi na kubishana juu yake kwa lugha yake. Lakini tusingepiga kelele lisingekuwepo. Shule inayopeperusha bendera za mataifa yote kwenye sherehe zake haiwezi kuifanya lugha ya nchi iliyoipokea iwe ya kuombewa.

Hesabu, hapana. Wanaelewa dhana, wanachora michoro mizuri, ila wepesi wa mkono hawana. Dada yake alikaa naye likizo mbili mfululizo kwa milinganyo, mazoezi arobaini kwa siku, mtindo wa bweni, na alimfaa kuliko mwalimu yeyote. Walimu wenyewe wengi ni wazuri, tatizo hawakai. Mikataba ni ya miaka miwili miwili, na mwaka mmoja walibadilishiwa mwalimu wa kemia katikati ya muhula. Mwaka wa masomo unaanza Agosti, kwa hiyo ukitoka mfumo wa Januari utapoteza au utarukisha miezi. Viboko hakuna kabisa, na nidhamu ipo, hilo nimelishuhudia.

Agosti anaanza Diploma, programu ya IB ya miaka miwili ya mwisho kabla ya chuo kikuu. Masomo sita, matatu kwa kiwango cha juu, na insha ndefu ya utafiti isiyozidi maneno 4,000. Alama kamili ni 45, na chini ya 24 hupati cheti hicho. Kiswahili amekichagua kuwa lugha yake ya kwanza ya fasihi. Fomu nimetia saini wiki iliyopita. Wazazi mnaofikiria chuo kikuu cha hapa nyumbani, jueni mapema kwamba vyeti hivi lazima vipelekwe NECTA kupata ulinganifu kabla ya kuomba nafasi, na kuna utaratibu na malipo yake. Msisubiri hadi dirisha la udahili lifunguliwe.

Mkienda kutembelea, watawatembeza kwenye bwawa la kuogelea na maktaba. Angalieni, ni pazuri. Kisha ombeni mwonyeshwe daftari la mradi la mtoto wa kawaida, si la yule aliyeongoza, na msome walimu waliandika nini pembeni. Ulizeni mtoto anayeongea Kiswahili nyumbani anakaa darasa gani la Kiswahili, na mtake jibu la mwaka huu, si la mpango ujao. Halafu ulizeni ni walimu wangapi wa mwaka juzi bado wapo.