Dar hadi Dodoma kwa SGR na watoto wawili: uzoefu wangu

Tangu treni ya umeme ya SGR, yaani reli mpya ya kisasa, ianze kubeba abiria hadi Dodoma, Julai 2024, nimekuwa nikisikia habari ya mwendo tu: kilomita 160 kwa saa, asubuhi Dar, mchana Dodoma. Mimi kilichonivuta ni choo.

Aliyewahi kupanda basi la Dodoma na mtoto wa miaka miwili ananielewa. Mtoto hasubiri gari lisimame watu wachimbe dawa. Akisema "mama, kojo", ni sasa hivi, na wewe umebanwa dirishani na begi miguuni.

Tulikuwa wanne: mimi, baba yao, mkubwa wa miaka sita na huyo mdogo. Daraja la kawaida tulilipa 31,000 kila mtu mzima, mkubwa nusu, yaani 15,500, na mdogo bure kwa sababu hajafika miaka minne. Jumla 77,500. Bure maana yake hana kiti, unampakata. Nilijua hilo, ila mapaja yangu hayakujua.

Tabu ilianza kabla ya treni. Tunakaa Mbagala, tukadandia daladala alfajiri ili kuokoa hela ya teksi. Konda akamwangalia mkubwa: "Dada, huyo akikaa analipa, kama halipi mpakate." Mgongoni nina mmoja kwenye kanga, nimpakate na mwingine? Nikalipa. Tulishuka Gerezani nimeloa jasho hata jua halijachomoza.

Stesheni wanakagua vitambulisho na mizigo inapita kwenye mashine. Hapo mdogo alitoa kilio cha msiba. Kibegi chake cha sungura kimemezwa na mashine, anakiona kinaingia gizani! Dada wa ukaguzi akamzungusha upande wa pili akione kinatoka. Akanyamaza, ila alikikumbatia mpaka tunapita Pugu.

Ndani ya treni ndipo nilipopumua. Mtoto anatembea. Anakwenda mpaka mwisho wa behewa, anasalimia watu, anarudi. Choo tulikwenda mara tano, mbili za kweli na tatu za kuchezea bomba. Treni yetu ilikuwa ya kusimama stesheni za njiani, ikachukua kama saa nne, na sikuona ubaya, maana kila ikisimama mkubwa alikuwa anasoma jina la kituo kwa sauti: Soga, Ruvu, Ngerengere. Baada ya Morogoro milima inakaribia, na kule Kilosa kuna mahandaki manne. La kwanza tulipoingia, dirisha likawa jeusi ghafla. Mkubwa akapaza sauti behewa zima lisikie: "Mama, nje wamekata umeme!" Mzee wa kiti cha mbele alicheka mpaka akakohoa.

Kuanzia hapo mkubwa alilala, na mdogo naye akalala, na baba yao pia. Mimi nikala biskuti zao.

Sasa Dodoma. Stesheni iko Mkonze, nje ya mji, na hili ndilo jambo nisilolipenda katika safari yote. Unatoka na watoto wamelala, mabegi matatu, upepo wa Dodoma unakupiga vumbi usoni, na bajaji wanajua huna pa kwenda. Wa kwanza alitaja 15,000. Tulipatana 8,000 baada ya mimi kujifanya naondoka, mtoto begani. Kama una ndugu mwenye gari, mwombe mapema aje kuwapokea. Shemeji yangu alisema angekuja, kisha simu yake ikawa haipatikani.

Mwenye watoto wadogo namshauri apande treni bila kusita, lakini ile pesa ya teksi ya kufika stesheni aitenge kabisa kama sehemu ya nauli. Kurudi tulifanya hivyo, tukafika mapema, hatuna jasho. Mdogo akavua kibegi cha sungura mwenyewe, akakiweka kwenye mashine, akakimbilia upande wa pili kukisubiri.