Gitaa la J Mascis kwenye hewa ya chumvi: Squier Jazzmaster

Ukitaka kujua kwa nini gitaa hili limeundwa hivi, anza na mwenye jina lake. J Mascis alikuwa mpiga ngoma kabla ya kuanzisha bendi ya roki ya Dinosaur Jr. huko Amherst, Massachusetts, mwaka 1984, pamoja na Lou Barlow kwenye besi na Murph kwenye ngoma. Hata kwenye gitaa mkono wake ni wa mpiga ngoma: anazipiga nyuzi kwa nguvu. Albamu yao ya 1987 iliwafunza vijana wengi wa roki kwamba kelele nzito na melodi tamu zinakaa chungu kimoja. Barlow alitoka 1989, bendi ikavunjika 1997, na watatu hao wakarudiana 2005. Albamu waliyoitoa miaka miwili baadaye haina dalili yoyote ya uchovu.

Jazzmaster yenyewe ilizinduliwa na Fender 1958 kwa ajili ya wapiga jazi, nao hawakuichangamkia. Udhaifu wake mkubwa ni daraja, yaani kile kipande cha chuma mwilini kinachobeba nyuzi. Nyuzi hupita juu yake kwa mshazari mdogo, hazikandamizwi vya kutosha, na vipande vya kuzishikilia vina mifereji midogo midogo. Ukipiga kwa nguvu, uzi unaruka mferejini na sauti inaanza kukwaruza. Jazzmaster ya Mascis ya Squier, chapa ya bei nafuu ya Fender, iliyotoka 2011, imeweka daraja la aina nyingine, lenye mfereji mmoja ulio wazi kwa kila uzi. Kwetu sisi hii peke yake inatosha kulipendelea gitaa hili. Hasara yake ni kwamba huwezi kupandisha uzi mmoja peke yake; unapandisha upande mzima.

Likitoka dukani, usilipige kabla ya kulirekebisha. Funga seti ya nyuzi ambayo uzi wake mwembamba kabisa una unene wa inchi 0.011, kwa sababu uzito wake unaongeza mkandamizo darajani. Tyuni, kisha bana uzi mnene kwenye freti (vile vyuma vyembamba vya shingoni) ya kwanza na ya mwisho, uangalie nafasi kati ya uzi huo na freti ya 7 au ya 8: iwe karibu 0.25 mm, yaani unene wa kadi ya biashara. Ikizidi, kaza chuma cha ndani ya shingo robo mzunguko tu, tyuni tena, upime tena. Kwenye freti ya 17 nyuzi zikae juu kama 1.6 mm. Mwisho linganisha noti ya freti ya 12 na mlio wa nusu ya uzi, ule unaotoka ukiugusa uzi kidogo tu juu ya freti hiyo bila kuubana; sahihisha kwa skrubu za daraja hadi zilingane.

Swichi ndogo ya juu huwasumbua wageni. Mkono ukiigusa katikati ya wimbo, sauti inafifia ghafla na mtu anadhani waya umekatika. Lakini kwa muziki wa bango wa Pwani hiyo swichi ni zawadi: inatoa sauti ya duara, yenye joto, isiyochoma masikio.

Sasa Mombasa. Kuanzia Nyali hadi Likoni, adui ni chumvi. Skrubu za daraja hushika kutu na kugoma kuzunguka, na hapo kurekebisha mlio hakuwezekani tena. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila skrubu, mara moja kwa mwezi, linatosha. Mafuta yasifike kwenye mbao. Baada ya kupiga, pangusa kila uzi kwa kipande cha leso kuukuu ya pamba, ukipitisha hadi upande wa chini, maana jasho la kaskazi hujificha huko. Masika shingo hunyonya unyevu na nyuzi hupanda, basi rudia kipimo cha 0.25.

Pikapu zake, yaani sumaku zinazonasa mlio wa nyuzi, zina mvumo, na fazi, kifaa cha kukwaruza sauti, inaukuza. Jigeuze polepole, ukae mbali na feni na taa za mirija, hadi mvumo upungue. Na amplifaya iliyoandikwa 120V usiichomeke ukutani bila transfoma, kwa sababu umeme wetu wa 240V utaiunguza.