Mafumbo ya programu au mradi wako mwenyewe?

Vijana wanaojifunza programu hapa Kigoma hubishana sana: utatue mafumbo madogo, au utengeneze kitu cha kutumika?

Kwa bando, mafumbo yanashinda kwa mbali. Swali la kwanza la Project Euler, tovuti iliyoanza 2001, ni fupi: jumlisha namba zote chini ya 1000 zinazogawanyika kwa 3 au kwa 5. Linakili daftarini, zima data, kalitatue popote. Lina mtego: ukijumlisha za 3, kisha za 5, basi 15, 30 na wenzake umewahesabu mara mbili. Jibu ni 233168; ukipata zaidi, rudi kwenye 15. Raha yake kama bao, utashangaa usiku umekwisha.

Mradi unakula muda, na hauishi. Tuseme unatengeneza programu ya kumwekea hesabu mama muuza dagaa wa Kibirizi. Fumbo halitakuuliza aliyekopa atalipa lini, wala rekodi zitakuwaje umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi. Mama atakuuliza, tena leo leo, na wiki ijayo atakuja na jipya. Fumbo ukilimaliza, umelimaliza.

Mwenye usaili wa kazi karibu, au anayetumia kompyuta ya kuazima, ashike mafumbo. Mwenye laptopu yake na mtu anayesubiri programu, aanze mradi. Ila anayetatua mafumbo kila siku na hajawahi hata kuhifadhi faili moja, huyo mafumbo mengine mia hayatamsogeza.